Vinundu vya Ekwendeni

Wajukuu zangu, siku mkipita kwenye shamba la kunde zilizoanza kuchanua, mwombeni mwenye shamba mche mmoja tu. Msiuvute kwa pupa. Chimbeni kando kwa kijiti, muunyanyue na udongo wake, kisha mkung'ute taratibu. Kwenye mizizi mtaona vinundu vidogo, vingine kama punje ya mtama. Pasueni kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, basi mche huo uko kazini.

Kazi gani? Ndani ya kinundu wamo bakteria. Hewa tunayovuta, sehemu 78 katika kila 100 ni naitrojeni, na mahindi yana njaa kubwa ya naitrojeni ila hayajui kuinasa hewani. Bakteria hao wanajua. Wanaigeuza ikawa chakula cha mche, na mche unawalipa kwa sukari. Ule wekundu nao ni wa ukoo mmoja na kile kinachoipa damu yenu rangi. Mimi nilipoambiwa hayo mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Sasa twende Malawi, na kinundu chetu mfukoni.

Kaskazini ya nchi hiyo, si mbali na mji wa Mzuzu, pana mahali paitwapo Ekwendeni, na hapo ipo hospitali ya misheni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, muuguzi Esther Lupafya alikuwa akihudumia watoto wenye utapiamlo. Mnaujua ugonjwa huo hata kama hamjui jina lake: nywele hupauka, miguu huvimba, mtoto hana hata hamu ya kucheza. Dawa yake ni chakula. Lakini ukimlisha wodini akapona, kisha akarudi kwenye nyumba ileile yenye chungu kilekile, umefanya nini? Lupafya, pamoja na mtafiti kutoka Kanada, Rachel Bezner Kerr, wakaenda kuzungumza na familia zenyewe.

Jibu walilolikuta lilikuwa chini ya miguu yao. Watu walilima mahindi mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa huko asiyekula sima husema hajala. (Ndiyo, sima, kama wanavyosema Mombasa. Jina limesafiri kuliko wengi wetu.) Udongo ulikuwa umechoka. Zamani mbolea ya dukani ilipatikana kwa bei nafuu, serikali ikisaidia kulipa. Msaada ule ulipoondolewa na fedha ya Malawi ikashuka thamani, mfuko mmoja ukawa mzigo usiobebeka. Shamba likazaa kidogo, ghala likaisha mapema, mtoto akaishia hospitali.

Basi mwaka 2000 ukaanza mradi ambao jina lake kwa Kiswahili tungesema Udongo, Chakula na Jamii Zenye Afya. Kitu kilichonivutia mimi ni nani aliyeitwa mtafiti. Mkisikia neno hilo, mnamwona mtu wa koti jeupe na miwani. Pale Ekwendeni watafiti walikuwa wakulima wenyewe, wengi wao maskini, wengine wasiojua kusoma. Walichaguliwa vijijini mwao, wakapanda, wakapima, wakatembeleana kutazamana mashamba, wakawafundisha majirani.

Wataalamu walileta mimea kadhaa ya kujaribu, yote ya vinundu kama kunde zetu. Mmojawapo ulikuwa upupu wa shambani, ambao unarutubisha udongo vizuri sana, lakini mbegu zake zina sumu usipojua kuzipika. Wakulima wakaelekea zaidi kwenye mimea inayoliwa. Shamba lako dogo, mtoto ana njaa, halafu upande kitu cha kulisha udongo peke yake? Wengi wakapenda soya, na wakapenda karanga zikipandwa pamoja na mbaazi.

Hizo mbili ni marafiki wazuri. Mbaazi hukua polepole, kwa hiyo karanga hupata jua na kuvunwa mapema. Mbaazi hubaki shambani, mizizi ikizama chini, majani yakidondoka na kuoza. Sisi wa pwani tunaziona mbaazi kwenye bakuli, zimepikwa kwa nazi, mahamri pembeni, na hatukumbuki kuuliza zimeliachia nini shamba. Wakulima wa Ekwendeni walifukia majani na mabua mabichi badala ya kuyachoma, na msimu uliofuata wakapanda mahindi palepale.

Kulikuwa na mbuzi, bila shaka. Mahindi yakishavunwa, huko mifugo huachiwa izurure, na mbaazi wakati huo ndiyo kwanza ziko kijani. Mbuzi hana habari na utafiti.

Ila tatizo gumu zaidi halikuwa na pembe. Kufukia majani ni kazi ya jembe, na mara nyingi jembe lilikuwa mkononi mwa mama, yuleyule anayeteka maji, anayesenya kuni na kumbeba mtoto. Karanga zikikauka, baba aliweza kuziuza, na pesa nyingine ikaishia kwenye pombe. Shamba limepona, mtoto bado mwembamba! Wakulima wakaona kwamba kinundu kinaleta naitrojeni mpaka kwenye mzizi tu. Kutoka hapo mpaka kwenye mdomo wa mtoto, njia inapita ndani ya nyumba.

Wakaanza vikao vya kusemezana mambo ya nyumbani. Bibi nao wakaitwa, kwa sababu huko binti akiolewa huenda kuishi kwa wakwe, na mama mkwe ana kauli juu ya mtoto mchanga ale nini na lini. Wapo waliowapa watoto uji mwepesi mapema mno. Hawakuja kukaripiwa, walikuja kama watu wenye elimu yao, ya kubadilishana na elimu ya wengine.

Miaka ikapita, watoto wakapimwa kwenye mizani. Mwaka 2011 matokeo yakachapishwa: katika familia zilizoshiriki, uzito wa watoto ulikuwa umepanda.

Mmoja wa wakulima hao, Anita Chitaya, yumo katika filamu ya mwaka 2021 iitwayo The Ants and the Grasshopper. Anasafiri mpaka Marekani kuwaambia wakulima wa huko kwamba hali ya hewa inabadilika na mvua za kwao Malawi zimevurugika. Wengine hawamwamini. Yeye amezoea, kabla ya hapo alikuwa na kibarua cha kuwashawishi wanaume wa kijijini kwake waingie jikoni.

Hilo nalo lina siku zake. Watu hukutana uwanjani, kila kundi na masufuria yake, wapike soya na mbaazi kwa namna mpya na kuonjana mapishi. Wanaume hupika pia, mwiko mkononi, moshi machoni, na watoto wamesimama kando wakisubiri kuonja.