Ethanoli ya Brazili na siku bei inapogeuka

Serikali inapotaka magari yapunguze petroli, mjadala huishia haraka kwenye bei na nani ataifidia. Brazili inatufundisha kuuliza jingine: bei zikigeuka, dereva atajaza nini? Nchi hiyo, iliyokuwa ikiagiza takriban asilimia 80 ya mafuta yake, ilianzisha mpango wa Proálcool mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta duniani kupaa. Serikali ilitoa mikopo nafuu ya kujenga viwanda vya kugeuza miwa kuwa ethanoli, ikaibebesha kampuni ya mafuta ya taifa, Petrobras, kazi ya kuisambaza, na ikahakikisha inauzwa chini ya petroli. Mwaka 1979 Fiat ikaleta gari la ethanoli tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari mapya tisa katika kila kumi yalikuwa ya aina hiyo. Wapo wanaoamini soko lingefika huko peke yake. Sidhani: hakuna mwenye kituo ambaye angechimbia tangi la ethanoli ilhali magari ya kuitumia hayapo barabarani, wala kiwanda kisingeunda gari lisilo na pa kujazia.

Kisha mwaka 1986 mafuta yakashuka bei, na baadaye sukari ikapanda. Wenye viwanda wakapeleka miwa kwenye sukari, na ilipofika 1989 ethanoli ikaadimika. Aliyekuwa na gari la ethanoli hakuwa na pa kukimbilia, maana injini yake haikukubali petroli. Wapinzani wa ruzuku huutaja mkasa huu, na kuhusu gharama wana haki. Lakini pampu na viwanda havikutoweka, na petroli iliendelea kuchanganywa na ethanoli kwa amri ya serikali. Juu ya msingi huo Volkswagen ilitoa mwaka 2003 gari la Gol linalokubali mafuta yote mawili, kwa kiasi chochote. Leo dereva hupiga hesabu kituoni: kwa kuwa ethanoli ina nishati pungufu, humfaa ikiwa bei yake haizidi takriban asilimia 70 ya ile ya petroli.

Swali hilohilo lipo Dar es Salaam. Huko, gari la petroli lililofungwa mtungi wa gesi asilia hubaki na tangi lake la zamani, hivyo foleni ya gesi ikizidi, dereva hurudi kwenye petroli. Basi lililoundwa kwa gesi tupu halina hiari hiyo. Kwa basi hilo, nafuu ya kodi wakati wa kulinunua ni msaada mdogo. Fedha ya umma itangulie kwenye vituo vya kujazia na kwenye mikataba ya kuhakikisha gesi haikatiki.