Kukanda Nyayo Wakati wa Kukoma Hedhi: Inaposaidia na Inapofaa Kumwona Daktari

Usiku wa Julai mjini Elburgon huwa na baridi kali, na nyumba nyingi hulalia blanketi mbili au tatu. Hata hivyo, wapo akina mama wanaoamka usiku wa manane wakiwa wamelowa jasho, wakatupa blanketi kando, kisha baada ya dakika chache wakaanza kutetemeka. Asubuhi wanaenda shambani au sokoni wakiwa wamechoka, na wengi hawamwambii mtu.

Mara nyingi hiyo ni dalili ya kukoma hedhi. Kwa wanawake wengi, hali hii hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, ovari zinapopunguza kutengeneza homoni ya estrojeni. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Dalili nyingine ni joto la ghafla usoni na kifuani, kukosa usingizi, hasira au huzuni, ukavu ukeni na maumivu ya viungo. Si ugonjwa, wala si kurogwa.

Rifleksolojia ni nini?

Ni tiba ya kubonyeza na kukanda sehemu maalumu za nyayo. Wanaoitoa huamini kwamba kila sehemu ya mguu inahusiana na kiungo fulani mwilini. Kwa mfano, upande wa ndani wa kifundo cha mguu huhusishwa na mfuko wa uzazi, na upande wa nje huhusishwa na ovari. Ramani ya nyayo inayotumika sana ilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham katika miaka ya 1930.

Je, inasaidia? Mwaka 2002, watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake 76 wenye dalili za kukoma hedhi. Kundi moja lilipewa rifleksolojia, na lingine likakandwa miguu kwa njia ya kawaida. Wasiwasi na huzuni vilipungua katika makundi yote mawili, bila tofauti kubwa kati yao.

Maana yake ni kwamba kukandwa miguu kunaweza kumtuliza mama, lakini si lazima alipie mtaalamu wa ramani ya nyayo. Nyumbani, miguu inaweza kuoshwa kwa maji vuguvugu, ikapakwa mafuta na kukandwa polepole kwa kidole gumba, kutoka kisigino hadi vidoleni, kwa dakika 10 kila mguu kabla ya kulala. Mume, binti au dada anaweza kusaidia.

Nani awe mwangalifu?

Mwenye kisukari anaweza kuwa amepoteza hisia miguuni, hivyo maji ya moto yanaweza kumuunguza bila yeye kujua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, usikandwe, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mwenye kidonda mguuni apate matibabu kwanza.

Dalili zisizopaswa kungoja

Damu ikirudi baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, mama aende hospitalini mara moja. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema huwa rahisi zaidi kutibu. Jasho la usiku likiandamana na kikohozi kisichoisha na kupungua uzito, apimwe kifua kikuu. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, pia amwone daktari.

Kwa joto la ghafla linalomzuia mama kufanya kazi au kulala, dawa za homoni ndizo zenye nguvu zaidi. Hata hivyo, hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Daktari ndiye wa kuamua baada ya kumpima.

Kwa kuwa mifupa hudhoofika estrojeni inapopungua, maziwa, omena, sukuma wiki na kutembea kila siku husaidia. Kupunguza pombe na kahawa, na kuvaa nguo zinazovulika kwa urahisi, huwapa wengine nafuu.

Wakazi wanaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao au katika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Elburgon. Nyayo zikandwe jioni, lakini damu iliyorudi isingoje hata wiki moja.