Kalibu inayopinda

Ukitaka kutengeneza kijisanduku cha mfano wa masanduku ya Unguja, mbao si tatizo. Shughuli ipo kwenye misumari ya shaba: vichwa hamsini vya duara, vyote sawasawa, kila kimoja mfano wa punje ya choroko. Kuvichonga kimoja kimoja ni kujitesa. Ndiyo maana wengi wetu huku ughaibuni tumeingia katika kusubu nyumbani.

Tangu kale, ugumu wa kazi hii haukuwa kumimina, ulikuwa kutoa. Kitu chenye matundu na mikunjo hung'ang'ania ndani ya kalibu ngumu. Mafundi wa Mehrgarh, katika Pakistan ya leo, walipata dawa yake miaka 6,000 hivi iliyopita. Walifinyanga umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakachoma. Nta ikayeyuka ikatoka, shaba ikamiminwa mahali pake, kisha udongo ukavunjwa. Hirizi yao ya umbo la gurudumu, yenye upana wa milimita 20 tu, ipo hadi leo. Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu, nayo ilisubiwa kwa nta. Kazi ya kupendeza mno, lakini kila kalibu huzaa mara moja, basi.

Silikoni ilibadili hesabu hiyo kwa sababu inapinda. Unatengeneza kichwa kimoja kwa uangalifu wote, unakibandika kwenye kikopo, unamimina silikoni kwa uzi mwembamba kutoka juu ili viputo vipasuke njiani. Ikiganda unaibinua, kichwa kinachomoka kizima, na kalibu iko tayari kwa resini tena na tena. Safisha hicho kichwa vizuri: hata alama ya kidole itajirudia kwenye kila nakala.

Kinachoharibu kazi za wengi ni salfa. Silikoni inayogandishwa kwa platinamu ikigusa udongo wa kufinyangia wenye salfa, au glavu za mpira, hubaki ikinata hapo hapo ilipogusa. Ijaribu kwanza kwa tone moja. Ile ya bati huvumilia zaidi, ingawa kalibu yake hunywea polepole na haidumu. Kwa vichwa hamsini, mimi naona bati inatosha.

Kupata sura ya shaba, paka unga wa shaba ndani ya kalibu kwa brashi kavu kabla ya kumimina resini. Fungua madirisha, hata kama ni Januari. Ikishakauka kabisa, isugue kwa stilwaya laini mpaka shaba ing'ae.