Picha ya Mji na Haki ya Mpita Njia

Wasomaji wetu wengi husafiri siku hizi, na karibu kila msafiri ana kamera katika simu yake. Lakini picha nyingi za miji zinazoletwa nyumbani ni msongamano mtupu: vichwa, magari na nyaya, hata jicho halijui litue wapi. Twapenda kueleza machache tuliyojifunza juu ya kuzipiga na kuzitengeneza picha hizo, pamoja na kosa moja tulilolitenda wenyewe.

Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Barabara ile ilikuwa na pilikapilika nyingi, lakini katika picha yaonekana tupu. Sababu yake ni kwamba kamera ya zama zile ilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na kila kilichokwenda hakikuacha alama. Aliyebaki dhahiri ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Basi tangu mwanzo wake, picha ya mji imeweza kuwafuta watu.

Nasi tulikuwa Istanbul, katika mtaa wa Eminönü, wakati wa alasiri. Hapo pana Yeni Cami, yaani Msikiti Mpya, uliokamilika mwaka 1665, na mbele kidogo ni Daraja la Galata, ambako wavuvi hutupa mishipi yao mchana kutwa. Tulipiga picha nyingi kwa pupa, na hata moja haikufaa. Ndipo tulipomkumbuka Ara Güler, mzaliwa wa mji huo, aliyeishi tangu 1928 hadi 2018. Picha zake za wavuvi na wafanyakazi zimejulikana duniani, naye alipenda kuitwa mpiga picha wa habari kuliko kuitwa msanii. Mji wake ni mkubwa, lakini ndani yake daima yumo mtu.

Tukabadili mwendo. Kwanza, tulichagua mahali kabla ya kuchagua watu: ukuta usio na mambo mengi, na jua la ubavuni. Pili, tuliuacha ukingo wa ngazi uliongoze jicho hadi mlangoni. Tatu, tulisubiri. Mwenye subira huletewa na mji wenyewe anachokitafuta. Nne, tuliiegemeza kamera ukutani, tukaifungua kwa sehemu moja ya 8 ya sekunde. Waliokwenda wakawa kama maji, na aliyesimama akaonekana wazi.

Usiku tulizitengeneza. Kuinyosha picha iliyoinama, kupunguza pembezoni na kuyatia nuru kidogo maeneo ya giza ni kazi ya halali, maana ni kama kumpangusia mgeni kiti. Rangi zisizidishwe, anga ya Eminönü haihitaji samawati ya kuazima.

Lakini katika picha iliyotupendeza kuliko zote, hamali mmoja alikuwa amepita mbele ya ngazi na mzigo mgongoni. Waturuki nao humwita *hamal*. Neno ni lile lile letu, sote tumelipata kwa Waarabu. Tuliona ametuharibia mpango, tukamfuta kwa kidole. Picha ikawa safi, tukampelekea mama yetu.

Mama akaitazama kwa makini, kisha akauliza: "Wanangu, kivuli hiki ni cha nani? Mwenyewe yu wapi?"

Tulikuwa tumemwondoa mtu, tukasahau kivuli chake. Tukaona haya, wala si kwa sababu ya kivuli. Kamera ya Daguerre iliwapoteza watu kwa udhaifu wake. Sisi tulimpoteza mtu aliyekuwa akichuma riziki yake, kwa kupenda kwetu.

Tangu siku ile twafuata kanuni moja: tunaweza kuchagua pa kusimama, wakati wa kupiga na mahali pa kukata, lakini aliyekuwamo ndani ya picha hatumfuti ili mji upendeze. Kadhalika, tukitaka uso wa mtu kwa karibu, twamwomba ruhusa. Akikataa, twaiacha picha nzima.

Picha ya asili tulikuwa tumeihifadhi. Ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwa mama, na hamali yumo, na mzigo wake.