Mjusi wa Kimboza Nyuma ya Kioo

Vijana wa nyumbani kwetu walipotuletea picha walizopiga siku ya Idi katika bustani moja ya wanyama huko Uingereza, tulitazamia kuona mijusi. Tukaona kanzu nyeupe tatu zikielea juu ya majani. Kioo hakina upendeleo. Kila cheupe kisimamacho mbele yake hukirudisha, na kamera huyapokea yote mawili, yaliyo ndani na yaliyo nje. Jumamosi iliyofuata tukafuatana nao.

Nyumba za namna hii si jambo geni. London ndiyo iliyotangulia duniani kufungua nyumba ya wanyama watambaao, mwaka 1849, na tangu hapo watu huwatazama nyoka pasipo hofu. Lakini kioo kimlindacho mtazamaji ndicho kimsumbuacho mpiga picha.

Dawa ya kwanza ni kukaribia. Mdomo wa lenzi ukigusana na kioo, hasa ukivikwa pete ya mpira laini, mwanga wa nyuma hukosa njia ya kupenya. Tena yapasa kusimama sawasawa mbele ya kioo, kwani ukitazama kwa upande unene wake huipotoa sura ya mnyama. Flashi na izimwe kabisa. Humrudia mwenyewe, na humsumbua kiumbe asiye na pa kukimbilia. Mikwaruzo ya kioo haifutiki, ila tundu la lenzi likifunguliwa kwa upana huyeyuka isionekane. Hapo nako pana mtego: jicho la mjusi likikaa barabara, mkia wake huwa ukungu. Sisi twaona jicho latosha.

Ama zile kanzu, dawa yake tuliipata bila kuitafuta. Mama yao aliposimama nyuma yao na buibui lake jeusi, kioo kikawa kama hakipo.

Ndipo tukamwona: mjusi wa buluu iliyokoza, asiyepita kidole cha mtu mzima kwa urefu, wa jamii moja na mjusi kafiri wa kuta zetu. Kibao kilisema atoka Tanzania. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1952, na kwao ni msitu mdogo wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko huishi juu ya mti wa jamii ya mkadi, ule ambao maua yake wanawake wa pwani huyatia katika vikuba. Dume ndiye wa buluu. Jike ni wa kijani.

Rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Kati ya 2004 na 2009 walikamatwa makumi ya maelfu, wakauzwa ng'ambo kwa wapendao kufuga, na mikadi ikakatwa ili washuke. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hawa watolewao mwituni.

Mdogo wa vijana wetu alitaka kugonga kioo ili mjusi ageuke. Tukamshika mkono. Tulingoja kwa muda wa dakika arobaini, watu wakija na kuondoka, hata akageuka mwenyewe akatutazama, na mtoto akabonyeza.

Picha hiyo imetundikwa ukumbini. Pembeni mwake pana alama ya kidole cha mtu tusiyemjua, ya upande wetu wa kioo, ambayo tulisahau kuifuta.