Jicho Linalotazama Lami: Magari Yanavyopimwa Kabla ya Kubeba Watoto Wetu

Familia nyingi zinazosoma jarida hili zina ndugu katika mmojawapo wa miji hii mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Barabara ya I-71 huanzia Louisville, hupita Cincinnati na Columbus, kisha hufika Cleveland. Ukishika I-90 kutoka hapo, unaandamana na Ziwa Erie mpaka Buffalo. Safari nzima inakaribia kilomita 860. Ndiyo njia yetu ya harusi, ya msiba na ya sikukuu. Mara nyingi tunaipita katika gari moja lililojaa watu, watoto wakiwa viti vya nyuma, mizigo juu ya paa, na dereva ametoka zamu ya usiku.

Wengi wetu hatujui kwamba njia hiyohiyo imezungukwa na sehemu ambako magari huundwa na kujaribiwa. Louisville ina viwanda viwili vya Ford, kimoja kilichofunguliwa mwaka 1955 na kingine, cha malori, mwaka 1969. Marysville, karibu na Columbus, Honda imekuwa ikiunda magari tangu mwaka 1982. East Liberty, kiasi cha kilomita 70 kaskazini-magharibi ya Columbus, kuna uwanja mkubwa wa majaribio. Na Buffalo ni mmoja wa miji ambako elimu ya kulielewa gari linapokata kona ilianza kujengwa kisayansi. Mwanao anayeuliza “hisabati hii itanisaidia nini?” anaweza kujibiwa kwa kuonyeshwa barabara hii.

Gari huenda mbele, na ubavuni pia

Wanaotoka pwani wataelewa upesi. Nahodha huelekeza omo la mashua upande mmoja, lakini mkondo unaisukuma upande mwingine. Mashua inaangalia huku, inakwenda kule. Gari nalo liko hivyo. Likikata kona kwa kasi, tairi ambazo ni mpira hujipinda zinapogusana na barabara, na gari zima husogea ubavuni kidogo huku likienda mbele. Tofauti kati ya mahali pua ya gari inapoelekea na njia gari linayoifuata kweli tunaweza kuiita pembe ya mserereko.

Katika uendeshaji wa kila siku pembe hiyo ni ndogo sana, huenda digrii moja au mbili. Ikikua ghafla, usukani unaanza kukosa nguvu, na dereva wa kawaida hajui la kufanya. Hapo ndipo gari huzunguka lenyewe, hutoka barabarani, au hupinduka. Kwa hiyo mhandisi anayetaka kujua kama gari ni salama lazima aipime pembe hiyo, tena mara nyingi ndani ya kila sekunde.

Spidomita ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Inahesabu mizunguko ya magurudumu. Breki zikishika magurudumu yakaacha kuzunguka, spidomita inaweza kuonyesha sifuri wakati gari bado linateleza. Na kuhusu mwendo wa ubavuni haijui lolote. Zamani wahandisi walifunga gurudumu la ziada nyuma ya gari, mfano wa gurudumu la baiskeli, wakaliita gurudumu la tano. Lilisaidia kwenye barabara iliyonyooka, lakini liliruka kwenye mabonde, na kwenye kona kali liliburutwa.

Kuhesabu mawe bila kuyagusa

Suluhisho lilikuwa kuacha kuigusa barabara kabisa, na kuitazama. Miongoni mwa waliotangulia ni kampuni ya Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani, ileile iliyojulikana kwa kamera za Leica. Kifaa chao kiliitwa Correvit, na jina hilo linatumika hadi leo.

Kinafanya kazi hivi. Kijisanduku hufungwa nje ya gari, kiasi cha sentimita 35 juu ya lami. Taa yake humulika barabara, na lenzi huipeleka picha ya lami kwenye kioo chenye mistari mingi myembamba iliyopangwa kwa nafasi sawa. Lami si laini. Ina vijiwe, vivuli na madoa. Kila doa likipita nyuma ya mistari ile, mwanga unaofika ndani unaongezeka na kupungua, unaongezeka na kupungua. Ni kama kupita na daladala mbele ya uzio wa fito huku jua likiwa upande wa pili: mwanga unapigapiga machoni, na daladala ikiongeza mwendo, mapigo nayo yanakaribiana. Kihisi huyahesabu mapigo hayo. Kwa kuwa nafasi kati ya mistari inajulikana, idadi ya mapigo kwa sekunde inageuzwa moja kwa moja kuwa kasi.

Mistari ikipangwa katika pande mbili, kifaa kimoja hupima mwendo wa mbele na wa ubavuni kwa pamoja. Tuseme gari linakwenda kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde, na wakati huohuo linasogea ubavuni mita 1.5 kwa sekunde. Gawanya 1.5 kwa 27.8, kisha tafuta pembe ambayo tanjiti yake ni jibu hilo. Utapata digrii 3 na kidogo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya hesabu hiyo mezani nyumbani.

Mausi ya kompyuta iliyo mbele yako ina undugu na kifaa hiki. Nayo humulika meza na kufuatilia madoa yake, ingawa njia yake ya kuhesabu ni nyingine. GPS pia hupima kasi vizuri, ila hupotewa na setilaiti chini ya madaraja na miti mizito. Kihisi cha mwanga hakihitaji anga. Udhaifu wake ni matope kwenye lenzi, madimbwi, na barafu inayong'aa kama kioo, kwa sababu hapo madoa ya kufuatilia ni machache.

Buffalo: kutoka ndege hadi gari

Maabara ya anga iliyokabidhiwa Chuo Kikuu cha Cornell mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa Buffalo. Baadaye ikaitwa Calspan. Mmoja wa wahandisi wake alikuwa William Milliken, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2012 akiwa na miaka 101. Alikuwa mtu wa ndege aliyependa mashindano ya magari. Mwaka 1948 gari lake aina ya Bugatti lilipinduka katika mbio za Watkins Glen, na kona ile ikapewa jina lake.

Milliken na wenzake walijiuliza swali rahisi: kama ndege ina hesabu za uthabiti wake angani, kwa nini gari lisiwe nazo? Mwaka 1956 walichapisha mfululizo wa makala zilizoweka msingi huo. Calspan ikajenga mashine ambamo tairi huzungushwa juu ya mkanda mpana, likiinamishwa na kugeuzwa kwa pembe inayojulikana, huku nguvu zake zikipimwa. Kwenye mashine, pembe huwekwa na binadamu. Uwanjani, pembe inaletwa na kona yenyewe, na kihisi cha mwanga ndicho kinachoisoma. Vipimo viwili hivyo hukutana katika hesabu moja.

East Liberty: usukani mikononi mwa roboti

Uwanja wa East Liberty una ekari 4,500 na njia ya mzunguko ya maili 7.5, yaani kilomita 12. Humo ndimo ilimo maabara ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari.

Mwaka 2007 idara hiyo ilitoa kanuni ya mfumo unaojulikana kwa herufi ESC. Mfumo huu huhisi gari linapoanza kuserereka, ukafunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha kwenye njia. Magari madogo yote mapya yalitakiwa kuwa nao kufikia mwaka wa modeli 2012. NHTSA ilikadiria kwamba magari yote yakishakuwa nao, maisha ya watu kati ya 5,300 na 9,600 yangeokolewa kila mwaka.

Jaribio lake ni hili. Gari huachwa litembee kilomita 80 kwa saa, kisha roboti huuzungusha usukani upande mmoja na mwingine kwa nguvu, ukasimama nusu sekunde, ukarudi katikati. Sekunde moja baadaye, kasi ya gari kujizungusha lazima iwe imeshuka hadi asilimia 35 ya kilele chake au chini zaidi. Ikifika sekunde 1.75, isizidi asilimia 20. Wakenya wataitambua namba 80: ndiyo kasi ambayo kanuni za Michuki za mwaka 2004 ziliwawekea matatu. Ni mwendo wa kawaida, na bado unatosha kuliangusha gari.

Hesabu hii inavyoingia kwenye gari lako

Gari refu la viti 15, lile linalotumika na makanisa, madrasa na makundi ya wafanyakazi, linahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2001 NHTSA iliwaonya wananchi kwamba likibeba watu 10 au zaidi, hatari ya kupinduka katika ajali ya gari moja inakaribia mara tatu ya linapobeba watu wasiofika watano. Uzito unapanda juu na kurudi nyuma, na tairi za nyuma zinazidiwa. Basi:

- Jazeni viti vya mbele kwanza. Msiweke mizigo juu ya paa.
- Kila mtu afunge mkanda, hata mzee wa viti vya nyuma.
- Pimeni upepo wa tairi kabla ya safari, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Tairi kipara haliokolewi na mfumo wowote.
- Someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.
- Ukiwasha gari, taa ya kigari chenye alama za kupindapinda huwaka kidogo ikazima. Ikibaki inawaka, mwone fundi.
- Ingiza namba ya VIN ya gari lako, yenye herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya NHTSA. Utaambiwa kama gari lako limeitwa kurudi kwa matengenezo, na matengenezo hayo kwa kawaida ni bure.

Ukimnunulia ndugu gari la mtumba kutoka Japani au Dubai, uliza kama lina ESC kabla ya kuuliza kama lina redio nzuri.

Kwa wanafunzi

Vyuo vikuu vya Ohio State, Louisville na Buffalo vina timu za wanafunzi wanaounda gari dogo la mashindano la Formula SAE. Kuna ushirika wa timu za vyuo unaopima tairi kwenye mashine ileile ya Calspan na kugawana takwimu. Si lazima uwe dereva hodari ili ujiunge. Wanahitaji anayechomelea vyuma, anayeandika programu, na anayejua kusoma grafu.

Asiyetaka kuanza na chuo kikuu anaweza kusomea ufundi wa magari katika Columbus State, Jefferson ya Louisville au SUNY Erie, kwa gharama nafuu zaidi. Viwanja vya majaribio navyo huhitaji mafundi wa kufunga vihisi, kusafisha lenzi na kuhakikisha kipimo kinasema kweli. Mzazi anayesimama kwenye mstari wa kuunganisha magari usiku kucha anaweza kumwambia mwanawe kwamba kuna mlango mwingine katika kazi hiyohiyo, na kwamba ufunguo wake ni tanjiti aliyofundishwa wiki hii shuleni.