Asilimia ya Mwili na Ugumu wa Maisha: Upimaji wa Viwango vya Utendaji wa Watu Wenye Ulemavu Mjini Bujumbura

Anayepima ulemavu wa mkazi wa Bujumbura huweza kuuliza mwili umepungukiwa na nini, au kuuliza maisha yamekuwa magumu kiasi gani. Majibu ya maswali haya hayalingani, na tofauti yake ndiyo huamua nani apewe magongo au fidia na nani arudi mikono mitupu.

Swali la kwanza ndilo kongwe. Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (INSS) huwafidia walioumia kazini kwa kufuata kiwango cha upungufu wa kudumu kilichothibitishwa na daktari, nacho hutajwa kwa asilimia. Faida yake ni kwamba namba hukatiwa rufaa kwa urahisi kuliko maelezo. Hata hivyo, namba hiyo huhesabu kiungo tu: fundi cherehani na mlinzi wa usiku waliopoteza vidole vilevile huanzia kwenye mizani moja, ingawa ni mmoja tu aliyepoteza kazi. Isitoshe, bima ya ajali kazini ni ya wenye ajira rasmi, ilhali Warundi walio wengi ni wakulima.

Swali la pili lilipata nguvu mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoidhinisha Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya, uliochukua nafasi ya ule wa mwaka 1980. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, ikatunga sheria yake Januari 2018. Katika mtazamo huu, ulemavu huzaliwa pale upungufu wa mwili unapokutana na vikwazo. Uainishaji huo hutenganisha awezalo mtu katika mazingira sawa kwa wote na alifanyalo mahali anapoishi. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu wa Buyenzi, kwenye mitaa tambarare, na mwenzake wa miteremko ya Kiriri wanaweza kuwa sawa kwa uwezo, wakaachana mbali kwa utendaji. Cheti cha daktari hakioni mteremko.

Chombo chepesi zaidi cha mtazamo huo ni maswali sita ya Kundi la Washington, yanayohusu kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Neno ‘ulemavu’ halitajwi, kwa kusudi, kwa kuwa wengi hulikana. Kwa kawaida huhesabiwa yule aliyefikia ugumu mkubwa katika swali moja au zaidi.

Hapo lugha huingia kazini. Mpimaji wa Buyenzi akiuliza, ‘Una shida ya kutembea?’, huenda akajibiwa habari ya nauli, kwa kuwa ‘shida’ ya Kiswahili hubeba ufukara pamoja na taabu ya mwili. ‘Ingorane’ ya Kirundi ina upana kama huo. Adabu nayo ina mchango wake: mzee asiyeweza kufika msikitini bila kushikwa mkono husema ‘kidogo tu, namshukuru Mungu’, na kwa neno hilo huangukia upande wa wasiohesabiwa. Ni afadhali basi mpimaji aulize umbali na kitendo kinachojulikana, kama vile kufika sokoni na kurudi, kuliko kumwachia msailiwa kupima uzito wa ‘kiasi’ na ‘mkubwa’.

Maswali haya, tena, yalibuniwa kwa ajili ya sensa. Katika sensa, makosa ya huku na kule hayaharibu sana picha ya taifa; yanapogeuzwa kuwa lango la huduma, kosa moja ni mtu mmoja aliyefungiwa nje. Msailiwa naye akishajua kwamba jibu zito ndilo hufungua lango, jibu hubadilika. Kwa kazi hiyo asilimia ya daktari haitoshi, na maswali sita peke yake hayatoshi. Fomu inahitaji nafasi ya yote mawili, pamoja na nafasi ya kuandika kazi ya mtu na njia anayopita.

Pengo kubwa zaidi limo kwa wale ambao hali yao huja na kuondoka. Mwenye kifafa aliyehojiwa asubuhi tulivu anaweza kujibu ‘hakuna ugumu’ mara sita bila kusema uongo, wakati mwajiri alikwisha kumwachisha kazi.